Mashine ya Watu wa Maziwa

Kazi yangu ilianza siku ya Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Ilitakiwa ianze saa mbili kamili, lakini nilisimama nje ya mlango dakika kumi nikijifunza kusema "habari za asubuhi". Nilipoingia ndani nikasahau kusema. Ninaanza na hilo ili nyinyi mlio Form Two na Form Three mjue kwamba mtu anaweza kuanza vibaya na mwisho wa mwezi bado akalipwa.

Mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na nane. Nilifanya kazi wiki kumi na moja katika Mradi wa Maji wa Chemchemi Tatu, nje kidogo ya Molo, na sasa nimesikia kuna mashine ya pili inapelekwa Mau Narok na wanatafuta msichana wa kusimama kando yake. Kama msichana huyo ni wewe, soma mpaka mwisho. Nimeyatoa haya kwenye daftari langu, ambalo kwa kawaida simwonyeshi mtu.

Naitwa Nelima. Kwetu ni Bondeni, pale Nakuru, kwenye zile nyumba za zamani za manispaa ambamo babu yangu aliingia akiwa mtu wa reli. Nilipomaliza Form Four nikatumwa Molo kwa Anti, dada ya baba, ningoje matokeo huko. Anti ana ng'ombe wawili na hapendi kuona mtu amelala. Aliposikia mradi wa maji unatafuta mwelekezi, yaani mtu wa kuwaonyesha watu jinsi ya kutumia mashine, alienda mwenyewe akawaambia ana msichana mkimya sana. Wakafikiri ananisifu.

Mashine ni kabati la chuma lenye urefu wangu, rangi ya bluu, na kioo ukubwa wa daftari lililofunguliwa. Unabonyeza namba ya mita yako kwenye kioo, inakuonyesha jina na bili, unailisha noti, inakutemea risiti. Hakuna mtu katikati. Mwenyekiti wa mradi aliinunua Nairobi ikiwa imetumika, akaileta juu ya lori la viazi lililokuwa linarudi tupu, akasema kuanzia sasa kila mtu atajihudumia.

Muelewe jambo moja. Waliojua kulipa kwa simu walikuwa wameshahamia kwa simu, hatukuwaona tena. Waliobaki wakija ofisini ni wale waliotaka kumpa pesa mtu mwenye uso. Hao ndio waliletewa mashine.

Uso wenyewe ulikuwa wa Karani Barasa, aliyepokea pesa za maji dirishani miaka thelathini. Siku mashine ilipofika, Mwenyekiti alitangaza kwamba dirisha limefungwa na akachukua kitabu cha risiti na muhuri. Lakini hakuna aliyemwambia Barasa aende wapi. Kwa hivyo alibaki palepale nyuma ya dirisha, na alikuwa analiacha wazi kidogo ili aweze kuwaambia watu kwamba limefungwa.

"Karani, shika hii pesa."

"Dirisha imefungwa, mama."

"Na si naongea na wewe hapa?"

"Unaongea na mimi, ndio. Dirisha ndio imefungwa."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na muda.

Kosa langu la kwanza lilikuwa huruma, na uvivu wa mdomo. Mtu akija, badala ya kumweleza, nilikuwa nambonyezea. Kubonyeza hakuna maneno. Wiki ya pili foleni haikuwa ya mashine tena, ilikuwa yangu. Watu walikuwa wananipa noti mkononi na kuniambia namba ya mita, wanageuka kuendelea na stori zao. Mwenyekiti akaingia, akaangalia kwa muda, akaniuliza mbele ya wote:

"Nelima, mimi nilinunua mashine ama nilinunua msichana?"

Nikamrudishia noti aliyekuwa amenipa. Karani Barasa akasema kutoka ndani ya dirisha lililofungwa, "Msichana ni bei rahisi, Mwenyekiti."

Siku hiyo ikabandikwa karatasi: MWELEKEZI HAGUSI KIOO. Ikawa sheria. Ili nisijisahau, nilianza kusimama na mikono nyuma, nikaonekana kama mtu anayekagua gwaride. Watoto wa shule walikuwa wakipita wananipigia saluti.

Sasa shikeni haya, yatawasaidia Mau Narok. Usimwambie mtu "bonyeza hapo", kwa sababu kila mtu ana hapo yake. Sema rangi: bonyeza ya kijani. Usisimame nyuma ya mtu, atafikiri unahesabu pesa zake. Simama ubavuni na uangalie kitu kingine, kama dirisha, kama kiatu chako. Noti iliyokunjwa mara nne mashine inaitema. Mwache mwenyewe aisugue pajani mpaka inyooke. Na usiseme kamwe "ni rahisi". Hilo alinifundisha Barasa. "Ukimwambia ni rahisi na imshinde," alisema, "umemwita mjinga na hata hamjajuana."

Mimi hilo halikunisumbua. Kwa kawaida sikuwa nasema kitu chochote.

Sasa nifike kwa maneno yaliyoanza mwezi wangu wa pili kazini. Kulikuwa na watu ambao kioo kilikuwa kinawakubali mara moja, na wengine wanabonyeza mpaka wanatoa jasho na hakuna kitu. Mtu anabonyeza saba, saba haitokei. Anabonyeza kwa nguvu, haitokei. Anabonyeza na kidole gumba, anageuza mkono, anabonyeza na kiwiko. Kumbe watu walikuwa wanaangalia na kulinganisha. Waliokuwa wanakubaliwa ni wale wanaouza maziwa. Waliokuwa wanakataliwa ni wa viazi.

Pale Molo hiyo inatosha. Haikupita wiki mbili, kila mtu alikuwa anajua kwamba mashine ni ya watu wa maziwa.

"Mwenyekiti ana ng'ombe wangapi?" aliuliza Kamau, kijana anayepakia viazi kwenye malori, mwenye sauti kubwa kuliko lori lenyewe.

"Kumi na moja," mtu akajibu.

"Basi. Mnataka nini ingine? Ile siku ilinunuliwa, waliiambia namba zao. Sisi watu wa viazi tutakatiwa maji mmoja mmoja, ng'ombe zikunywe."

Ilikuwa inachekesha, lakini watu walikuwa wanaondoka na bili zao mfukoni. Mwenyekiti naye alikuwa anasema watu wa viazi ni wakaidi.

Aliyefungua fumbo ni Karani Barasa, na hakujua anafungua. Saa ya chakula cha mchana nilimwambia kwamba labda kioo kimeharibika. Akatoka nyuma ya dirisha, mara ya kwanza nimwone miguu, akaja mbele ya mashine. Kabla ya kubonyeza akalamba kidole. Mtu aliyehesabu noti miaka thelathini hawezi kugusa kitu kabla ya kulamba kidole, hata kitasa cha mlango analamba kwanza. Akabonyeza saba, saba ikatokea. Nikamwomba afute mkono, asubiri ukauke, ajaribu bila kulamba. Saba ikakataa.

Tukaangaliana.

Kioo kinatafuta unyevu kwenye ngozi. Mtu anayeshinda kwenye udongo wa viazi, kwa baridi ya Molo, kidole chake ni kikavu kama kijiti. Na watu wa maziwa? Hilo nililijua mwenyewe, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nakamua na Anti. Unaosha kiwele kwa maji moto, unapaka mafuta ya kukamulia, unakamua, halafu unakuja mjini na vidole laini na huna habari. Ng'ombe walikuwa wanatulipia maji.

"Sasa waambie watu," Barasa akasema.

"Tuandike karatasi."

Tuliandika: TAFADHALI LOWESHA KIDOLE. Mwenyekiti aliibandua ndani ya saa moja, akasema watu wazima watalamba vidole na kuvipaka kwenye kioo kimoja, na kipindupindu kitaanzia kwake.

"Basi ni mdomo," Barasa akaniambia. "Wewe ndio mwelekezi. Elekeza."

Nilipanga kuanza Jumatatu. Nilijiandikia hata maneno ya kusema. Lakini Ijumaa akaja Shosho Njoki.

Shosho Njoki ni mama mzee wa viazi, mfupi, amevaa gambuti za mpira na koti la marehemu mumewe. Anakaa juu ya mteremko, peke yake. Bomba la mradi ndilo maji yake yote, kwa sababu kijito kiko chini kabisa na goti lake moja halipandi tena na mzigo. Alikuja na pesa zake zimenyooka vizuri na namba ya mita anaijua kwa kichwa. Alijiandaa kuliko sisi sote.

Akabonyeza, hakuna kitu. Akabonyeza tena. Akajipangusa kidole kwenye koti, na hapo ndio akakikausha zaidi. Akabonyeza namba ileile mara labda kumi. Kamau akasema kwa ile sauti yake:

"Shosho, mashine imesema wewe ni marehemu. Enda nyumbani upumzike."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, mikono nyuma, nikijua kwa nini. Sentensi moja tu ilikuwa inatakiwa. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikaangalia kiatu changu.

Shosho akakunja pesa zake. "Miaka yote nimeishi kwa mkono huu," akasema, bila kumwambia mtu fulani. "Leo televisheni inasema mimi si mtu." Akatoka.

Jumatatu hakuja, na yale maneno niliyojiandikia yalibaki kwenye daftari. Jumanne saa tano, Barasa akanionyesha orodha ya watu ambao fundi angewakatia maji Jumatano asubuhi. Jina lake lilikuwa la tatu.

"Si jirani amlipie kwa simu?"

"Jirani alienda kumwambia hivyo jana. Alimjibu kwamba anayelipiwa bili na jirani ni mtu aliyekufa, na yeye bado."

"Si wewe ufungue dirisha?"

"Nifungue na nini? Muhuri sina, kitabu sina." Akakunja orodha. "Nelima, ule mteremko si mrefu sana."

Ni mrefu. Nilipita kwa Anti nikachukua mkebe wa mafuta ya kukamulia, nikapanda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nilipofika yalikuwa yameisha yote.

Shosho alikuwa ndani ya stoo anachagua viazi vya mbegu. Hakuinua kichwa.

"Wewe si ni yule msichana wa mikono nyuma?"

"Ndio, Shosho."

"Umekuja kukata maji?"

"Hapana. Huyo anakuja kesho. Mimi nimekuja kuomba msamaha."

"Ya nini?"

"Ijumaa nilijua kwa nini inakukataa. Na sikusema."

Akaendelea kuchagua. Kiazi kimoja huku, kimoja kule.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na mdomo uko nayo."

"Iko. Lakini naona aibu kuongea mbele ya watu."

"Hata mimi naona aibu kukataliwa mbele ya watu."

Hakuna mahali pa kuangalia kiatu ukiambiwa hivyo. Nikamweleza yote: kidole cha Barasa, kioo, baridi, ng'ombe.

"Kwa hivyo si wewe, Shosho. Ni ngozi tu."

"Ngozi ya nani?"

"Yako."

"Basi si ni mimi."

Nikatoa mkebe. Akauangalia upande wenye picha.

"Hii ni ya matiti ya ng'ombe."

"Ndio."

"Mimi ni ng'ombe?"

"Hapana, Shosho. Lakini hata Mwenyekiti anapaka hiyo. Ndio maana inamkubali."

Hapo akaacha viazi. "Mwenyekiti anajua?"

"Hajui. Anafikiri watu wa viazi ni wakaidi."

Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Alipomaliza akajipangusa macho na mkono wa koti, akasema, "Nitakuja. Lakini sigusi hiyo kitu mpaka wewe usimame uwaambie. Wote. Kwa hiyo mdomo yako, na sauti itoke. Ukiangalia chini, narudi nyumbani na wakate."

Ofisi inafungwa saa kumi. Jumanne ya mwisho kabla ya fundi kukata maji huwa imejaa, kwa sababu kila mtu anangoja siku ya mwisho. Shosho alitokea robo kabla ya saa kumi, akasimama mbele ya mashine, mikono ndani ya koti, akaniangalia. Foleni yote ikamwangalia yeye, halafu ikafuata macho yake mpaka kwangu. Kamau alikuwa wa pili.

Nikafungua mdomo.

"Habari za asubuhi," nikasema.

Ilikuwa alasiri. Mtu mmoja akajibu "nzuri" kwa adabu.

Sasa sikumbuki vizuri mpangilio, lakini kwenye daftari nimeandika nilisema hivi: kwamba mashine haijui ng'ombe wala kiazi. Kwamba inatafuta kidole chenye unyevu, na mikono ya watu wanaolima inakauka kwa sababu ya kazi, na si aibu. Kwamba watu wa maziwa wanakubaliwa kwa sababu ya mafuta ya kukamulia. Na kwamba Ijumaa nilijua na nikanyamaza, kwa hivyo kile kicheko kilikuwa changu, si cha Shosho. Sikuangalia chini. Niliangalia kikoti cha Kamau, kifungo cha pili.

"Ati tupake mafuta ya ng'ombe ndio tulipe maji?" Kamau akasema.

"Wewe nyamaza, mwalimu anafundisha," Barasa akamwambia kutoka dirishani.

Shosho akachukua mkebe mkononi mwangu, akapaka kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayevaa pete. Akabonyeza. Namba ikatokea. Ya pili ikatokea. Zote zikatokea, na chini yake jina lake kwa herufi kubwa.

"Imesema mimi ni nani?" akaniuliza kwa sauti.

"Njoki."

"Imeandika marehemu hapo?"

"Haijaandika."

"Angalia vizuri."

"Haijaandika, Shosho."

Akailisha noti zake, akapokea risiti, akaisoma yote mpaka namba ya simu ya ofisi. Halafu hakutoka. Alisogea kando kidogo, mkebe mkononi. Kamau akaja mbele, akakataa mafuta, akabonyeza na kidole chake cha kubebea magunia. Hakuna kitu. Akabonyeza tena.

"Pole, marehemu," Shosho akamwambia. "Lete kidole."

Akaleta. Watu wakacheka, na yeye mwenyewe alicheka zaidi ya wote. Siku hiyo tulifunga ofisi tumechelewa, na Jumatano fundi alienda kwa watu wawili tu, ambao wote walikuwa wamehama.

Niwaambie kilichofuata ili msije mkashangaa. Karani Barasa alifunga mkebe kwa kamba ya katani kando ya mashine, kama kalamu ya benki. Ukiisha, yeye ndiye anaujaza. Ni kazi ya kwanza aliyopewa tangu dirisha lifungwe, na amejipa mwenyewe. Watu wakawa wanaingia, wanapaka, wanabonyeza, wanatoka. Aliyeshindwa alimuuliza aliye nyuma yake. Mimi nilikuwa nasimama ubavuni, naangalia dirisha. Kulikuwa na Alhamisi moja nzima ambayo hakuna mtu aliyeniuliza kitu, isipokuwa mama mmoja aliyetaka kujua choo kiko wapi.

Ijumaa Mwenyekiti akaniita. Alinishukuru. Akasema watu sasa wanajihudumia, na kwa hivyo mwelekezi hana wa kumwelekeza. Kazi hii iko hivyo, muijue kabla hamjaingia: ukiifanya vibaya unafukuzwa, na ukiifanya vizuri inaisha. Nilijibu "asante" kwa sauti iliyosikika mpaka nje. Barasa alinipa mkono dirishani. Alikuwa amelamba kidole kwanza.

Kesho yake asubuhi, saa moja, nilipanda mteremko kwa Shosho Njoki, aliyekuwa anavuna na anataka mtu. Alinipa jembe na mstari wangu. Udongo ulikuwa baridi kama maji ya kisima. Hatukuongea sana, na kwangu hiyo ni raha. Kufika saa nne nilikuwa nimetoa karibu gunia moja, na simu yangu ikaanza kulia mfukoni. Ilikuwa ni Mwenyekiti. Nilijua anataka nini: mwelekezi wa Mau Narok, habari zake zilikuwa zimeanza. Nikaburuta kidole kwenye kioo ili nipokee. Hakuna kitu. Nikajipangusa kwenye sketi, nikaburuta tena.

Shosho akasimama, mikono kiunoni.

"Imekukataa?"

"Imenikataa."

Simu ikalia mpaka ikanyamaza yenyewe. Shosho akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa mkebe wake mwenyewe, mpya, akauweka juu ya jiwe katikati yetu.

"Ukitaka," akasema, na akarudi kwenye mstari wake.

Nami nikarudi kwenye wangu.